Cheti cha Kufaa Kushtakiwa

Nchi inaitwa Mteremko, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Aliyekuwa akiichora alikamatwa akiwa nusu ya kazi, kwa kosa la kuionyesha serikali kuwa ina mipaka. Mimi nimezaliwa huko, nimekulia huko, nimefukuzwa kazi mara nne huko huko, na sina neno baya juu yake. Mkinisikia nasema jambo likawakaa vibaya, basi ni masikio yenu.

Naitwa Mama Tatu. Ni mpishi wa Kituo cha Kurejesha Fahamu za Washtakiwa, chini ya Wizara ya Akili Timamu. Nasikia ziko nchi zinamfunga mtu hata kama haelewi anafungwa kwa nini. Ushenzi ulioje! Mteremko hatumfungi mtu asiyeelewa. Sisi tunamwelewesha kwanza.

Sheria iko wazi kabisa. Mshtakiwa ambaye akili imemyumba haruhusiwi kusimama kizimbani. Analetwa kwetu, anapewa kitanda, dawa, uji na mshauri nasaha, mpaka siku atakapoweza kujibu maswali matano: jaji ni nani, mwendesha mashtaka ni nani, wakili yuko upande wa nani, wewe umeshtakiwa kwa kosa gani, na ukishindwa utafanywa nini. Akiyajibu yote bila kulia anatunukiwa Cheti cha Kufaa Kushtakiwa, chenye nembo ya taifa na picha yake anatabasamu. Asiyetabasamu anapigwa picha tena.

* * *

Lugendo aliletwa wakati wa masika, ndani ya karandinga, na askari sita wa kumlinda yeye mmoja, kilo hamsini na mbili pamoja na viatu.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Mteremko nzima, ukiona bucha imeandikwa NYAMA SAFI kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ujue ni mkono wake, hata kama nyama yenyewe hairidhishi. Mkewe, Bi Zaituni, aligongwa na gari akivuka barabara kuu kwenda kliniki, mguu ukavunjika sehemu mbili. Lugendo akaiandikia Halmashauri barua ya heshima, akiomba ichorwe zebra ya kuvukia watu pale. Halmashauri ikamjibu kwa heshima ile ile kwamba barabara hiyo ni ya Mkuu wa Nchi, na Mkuu wa Nchi haendi kwa miguu.

Sasa mtu wa rangi utamwambia nini kuhusu rangi? Alfajiri moja akatoka na ndoo ya rangi nyeupe na brashi pana, akajichorea zebra mwenyewe, mistari saba, imenyooka utafikiri imepigwa rula. Kina mama wa kliniki wakaanza kuvuka kwa raha zao, wengine wanarudi kuvuka tena hata kama hawana shughuli yoyote ng'ambo.

Siku ya nne ukapita msafara wa Mkuu. Dereva wa gari la mbele, kwa bahati mbaya, alikuwa ameipata leseni yake kwa kusoma. Akaona zebra, akaona kina mama na watoto mgongoni, akakanyaga breki. Magari arobaini na mawili yakasimama. Kina mama wakavuka, wakapunga mkono, mmoja akadondosha kandambili akairudia. Hati ya mashtaka ikaandikwa: kuisimamisha serikali kwa dakika nne kwa kutumia rangi.

Walimfanya nini huko mahabusu mimi sijui, mimi ni mpishi. Ninalojua ni kwamba alipofika kwetu alikuwa hasemi. Pikipiki ikipita nje anajibandika ukutani, mikono juu. Mfuniko wa sufuria ukinidondoka anaingia uvunguni. Mahakamani, kabla ya kuletwa kwetu, walimuuliza jina lake, akawatazama kama watu wanaoita kutoka ng'ambo ya mto. Jaji akaandika: hafai kwa sasa, arekebishwe, arudishwe.

* * *

Mshauri nasaha wake alikuwa Tusajigwe, binti mfupi, mcheshi, amesomea kazi yake na anaipenda, jambo ambalo wizarani kwetu huchukuliwa kama dalili ya ugonjwa. Siku kumi na moja alikaa sakafuni pembeni ya Lugendo bila kumuuliza kitu. Anamenya machungwa, anampa, wanakula, basi. Siku ya kumi na mbili akaja na kopo la rangi, akamkokota mpaka kwenye mlango wangu.

"Mama Tatu anataka mlango wake uandikwe JIKO," akasema. "Watu wanaingia wanauliza maabara."

Lugendo akashika brashi. Akachora herufi moja, akasimama, machozi yakaanza.

Tusajigwe akainamisha kichwa upande, akaitazama. "Hii J yako, baba, mbona imekaa kama ndoano?"

Halafu sauti ikatoka, imekauka kama ya mlango uliofungwa mwaka mzima.

"Ndoano nani? Hiyo ni J ya kivuli. Wewe unajua nini?"

Nikaangusha mwiko. Na yeye hakuingia uvunguni, akageuka akaniambia, "Mama, tulia nimalizie." Jamani, nimeona watu wakipewa nishani kwa mambo madogo kuliko lile.

Akamaliza JIKO. Kesho yake akaandika STOO. Wiki iliyofuata akamwandikia mlinzi wa getini, Bwana Sikudhani, PIGA HODI kwa rangi tatu. Akaanza kulala bila viatu. Akaanza kuniambia maharage yana chumvi. Kila nilipompelekea uji aliniuliza jambo lile lile: "Mama Tatu, nitarudi lini kwa Zaituni?" Nami nilimjibu alivyotaka Tusajigwe tumjibu: ukiyajua maswali matano.

* * *

Mwongozo wa Wizara unasema kila mgonjwa afanyishwe mahakama ya mazoezi, ili siku ya siku asishtuke. Jaji nikachaguliwa mimi. Tusajigwe alisema nina mwili wa madaraka. Nikajifunga pazia jekundu la chumba cha mganga mkuu, nikakalia kreti mbili za soda. Bwana Sikudhani akawa mwendesha mashtaka, kwa kuwa amezoea kumshuku kila mtu. Tusajigwe mwenyewe wakili. Kitabu cha kuapia hatukuwa nacho, tukatumia kitabu changu cha mapishi ya keki.

Na hapa, wenzangu, mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo sisi wasomi na wapishi tulipojikaanga.

Tusajigwe alisema mtu anayejua jibu moja tu hajachagua, amekariri. Kwa hiyo Jumatatu Lugendo akisomewa shtaka anajibu "si kweli", na Jumanne anajibu "ni kweli". Jumatano si kweli. Alhamisi ni kweli. Hivyo hivyo, mpaka ajue uzito wa kila neno mdomoni.

Jumanne ya kwanza Lugendo aligoma. "Mwanangu, hilo neno silisemi. Mistari nimechora, ila serikali sijaisimamisha. Aliyesimama ni dereva."

"Najua, baba. Haya ni mazoezi."

"Na yakisikika nje?"

Tusajigwe akaweka mkono kifuani. "Hayatoki ndani ya chumba hiki. Unaniamini?"

Lugendo akakivuta kitabu cha mapishi karibu. "Wewe nakuamini," akasema. Akaapa juu ya keki, akasema ni kweli.

Nikamhukumu kuosha masufuria wiki mbili. Tukacheka. Lakini Tusajigwe akanivuta pembeni. "Mama Tatu, usimpe ya mchezo. Mpe nzito, mwili wake uzoee kuisikia akiwa salama. Asije akaisikia mara ya kwanza kule."

Basi nikapanda tena kreti zangu, nikakunja uso, nikatamka: "Miaka tisa."

Akaanguka chini. Alhamisi niliposema miaka tisa alishika meza. Jumanne iliyofuata alishika meza kwa mkono mmoja. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nampa miaka tisa yangu naye amesimama wima, anapumua kama alivyofundishwa, halafu anasema, "Asante, mheshimiwa. Ila nyanya kwenye mchuzi hazijaiva." Sikudhani alipiga makofi mpaka kofia ikamtoka.

Kila jioni ya siku ya kazi Tusajigwe aliandika kwenye daftari lake la maendeleo, kwa mwandiko safi: tarehe, dawa, usingizi, hali ya akili, na alichojibu mgonjwa mbele ya Jaji Mama Tatu. Aliandika yote kwa sababu anaipenda kazi. Neno moja tu hakuliandika, neno "mazoezi", kwa kuwa nani hakujua?

* * *

Mahafali yakafana. Turubai, pilau langu, spika mbili. Wahitimu walikuwa watatu, ndani ya majoho ya zambarau. Waziri wa Akili Timamu alikuja na msaidizi wa kumshikia miwani na msaidizi wa kumshikia hotuba.

"Ndugu wahitimu," akanguruma, "mlikuja hapa mkiwa hamfai hata kushtakiwa. Leo taifa linasimama kifua mbele kuwashtaki! Wako vijana wetu wengi wazembe mitaani ambao hawajui hata tofauti ya jaji na mwendesha mashtaka. Ninyi mnaijua!"

Mhitimu mmoja akauliza tofauti yenyewe ni ipi siku hizi. Akanyang'anywa joho papo hapo, akarudishwa wodini kwa uchunguzi zaidi.

Bi Zaituni alikuja na gongo lake la kutembelea na shada la maua ya karatasi, amemshonea mumewe shati jipya. Akamvisha shada, akamfuta jasho, akamgeukia Tusajigwe.

"Mwanangu, si mmesema amepona?"

"Amepona, mama."

"Sasa aliyepona si anakwenda kwake? Mbona karandinga iko pale nyuma ya turubai?"

"Anapita mahakamani kwanza. Usiogope, mama, majibu yote anayo. Atasema ukweli, na watamwachia." Na alikuwa anaamini. Nilimwona usoni, alikuwa anaamini kama sisi wengine tunavyoamini mshahara wa mwisho wa mwezi.

Waziri akaliomba daftari la Tusajigwe, eti likawe mfano wa kitaifa wa utunzaji wa kumbukumbu. Binti alifurahi mpaka akalifunga kwenye karatasi ya zawadi.

* * *

Mahakamani Lugendo aling'ara. Nilikaa mstari wa tatu na Sikudhani, tumevaa za sikukuu. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa amelipata jalada asubuhi hiyo, akaenda nalo kunywa chai, akarudi bila jalada. Haikudhuru. Lugendo alijua nani ni nani, alijua wapi pa kuinama.

"Si kweli, mheshimiwa," akasema kwa sauti ya mtu mzima. "Mistari nilichora, mke wangu aligongwa pale. Ila breki sikukanyaga mimi."

Watu wakacheka. Hata karani alificha mdomo. Bi Zaituni akaanza kukunja shada, tayari kwa safari. Nikamwambia Sikudhani, "Tumeshinda." Mtu niliyefukuzwa kazi mara nne, nikasema tumeshinda.

Mwendesha mashtaka akainuka taratibu, mkononi ana kitu kimefungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Mheshimiwa, mshtakiwa huyu amekiri mara nane. Kwa kiapo. Mbele ya jaji. Kumbukumbu zimetunzwa vizuri sana, hata Waziri amezisifu."

Akaitwa Tusajigwe.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, lakini yalikuwa mazoezi."

"Mazoezi ya nini, ya mpira?" Mahakama ikacheka. "Nionyeshe neno hilo limeandikwa wapi."

Akafunua kurasa. Akafunua tena. Hakuna.

"Sasa swali langu ni jepesi. Siku alizosema ni kweli, akili yake ilikuwa timamu au haikuwa? Kama haikuwa, basi uliandika uongo, cheti ni cha kughushi, wewe unabaki hapa, na yeye anarudi mahabusu tuanze upya. Kama ilikuwa timamu, amekiri. Chagua. Hatukulazimishi."

Tusajigwe akaomba maji. Akanywa glasi nzima. Kule kizimbani Lugendo alikuwa akimwitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kwa upole, kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi. Alikuwa anampa moyo. Alidhani binti amesahau jibu.

"Ilikuwa timamu," Tusajigwe akasema, na hakumtazama.

Nikaitwa mimi. Nilikuwa na hotuba kichwani, wallahi nilikuwa nayo, ndefu na ya matusi. Nilitaka kuwaambia juu ya kreti, na pazia, na kitabu cha keki.

"Mimi ni mpishi, mheshimiwa," nikaanza.

"Hukuulizwa kazi yako," akasema jaji. "Ulitamka miaka tisa, hukutamka?"

Nikamtazama. Pembeni yake alikaa Katibu wa Wizara, kalamu wazi, ananitazama kwa huruma ya mtu anayejua namba ya barua yako ya kuachishwa kazi. Mimi naijua harufu ya mara ya tano.

"Nilitamka."

Jaji akafunga jalada. Alikuwa na sauti nzuri, ya kusomea watu magazeti. "Sheria ya Mteremko ni ya kiungwana. Inakataza mtu kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja. Mshtakiwa huyu amekwisha hukumiwa na mwenzangu, Jaji Mama Tatu. Mahakama hii haina mamlaka ya kuongeza wala kupunguza. Inamheshimu mwenzake. Miaka tisa ianze leo."

Lugendo hakuanguka. Alisimama wima, akapumua kama tulivyomfundisha, mafunzo yetu ni ya hali ya juu. Alitutafuta kwa macho, Tusajigwe na mimi. Akatupata. Akatuacha.

* * *

Wiki ile ile Tusajigwe akapandishwa cheo kuwa mkuu wa Kituo. Alikuja jikoni, akakaa juu ya ndoo.

"Ningesema hakuwa timamu wangemrudisha kule kule, Mama Tatu. Na safari hii asingetoka anaongea."

"Ndiyo," nikasema.

"Unaniamini?"

Nikamwambia maji yangu yanachemka. Sijui alisema vile kwa ajili ya Lugendo au kwa ajili yake. Nadhani kwa wote wawili, na sina haki ya kumcheka, mimi nilichagua haraka kuliko yeye, tena bila kuomba maji.

Halafu nikafanya ujanja. Nikaiandikia Wizara barua. Nikasema: kwa kuwa miaka tisa niliyotoa juu ya kreti ilikubalika kisheria, basi mimi, Jaji Mama Tatu, leo nimeifuta yote, mfungwa aachiliwe. Nikapiga muhuri wa stoo. Niliona nimewakamata.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu, kasi ambayo Mteremko haijawahi kuonekana. "Rejea barua yako. Wizara inatambua mchango wako mkubwa. Hata hivyo unafahamishwa kuwa madaraka ya Jaji wa Jikoni ni ya kutoa tu, si ya kurudisha. Jumatatu utapokea washtakiwa wapya wawili. Tafadhali badilisha pazia."

Nilikuwa bado nimeishika barua Bi Zaituni alipotokea mlangoni, gongo mbele, miguu nyuma. Nikaitia mfukoni mwa aproni. Hakusalimia.

"Ni wewe uliyempa?"

"Ni mimi, dada."

"Tisa?"

"Tisa."

"Kwa nini tisa?"

Nimejibu maswali ya mabosi wanne na mahakama moja, lakini lile lilinishinda. Hakukuwa na hesabu yoyote, sikuwa nimepima kitu. "Ilikuja tu, dada. Nilifungua mdomo ikaja."

Nikangoja anipige na gongo. Ningelistahili. Lakini yeye alikuwa anafikiri, paji la uso limekunjana.

"Kama tisa ilikuja yenyewe," akasema polepole, "basi na nyingine inaweza kuja. Si jaji ni wewe? Wote pale walisema jaji ni wewe. Fungua mdomo tena, Mama Tatu."

"Dada..."

"Fungua. Sikuombi nyingi."

Sufuria lilikuwa linafoka, sikulitazama. Nilitaka kumsomea barua. Nikaona mikono yake ilivyolishika lile gongo, nikafungua mdomo.

"Saba," nikasema.

Akakaa juu ya gunia la mchele, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. "Saba," akasema. "Saba naweza. Nitakuwa sijazeeka sana." Akaanza kulia, lakini kulia kwa mtu aliyetua mzigo. Akaniambia Mungu anilipe, akaniambia kumbe una moyo, akainuka kwa shida akanikumbatia kwa nguvu, kifua kwa kifua. Barua ilikuwa pale mfukoni, katikati yetu, nikaisikia inakwaruza.

Nikambana vizuri zaidi, asiisikie.